Gari Lililopata Nyota Moja: Historia Fupi ya Kugonganisha Magari Madogo

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na seva. Kuna swali ambalo husikika sana kwa watu wanaonunua gari lao la kwanza: "Hii Vitz ina nyota ngapi?" Nikilisikia nakumbuka maswali ya wateja wetu sisi watengeneza programu: "Hii sistimu imejaribiwa?" Ndiyo, imejaribiwa. Imejaribiwa nini, lini, na nani? Hapo ndipo mazungumzo huwa magumu. Nyota za usalama nazo zina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya magari madogo. Tuanzie Uingereza.

Tarehe 4 Februari 1997, mpango mpya ulioitwa Euro NCAP ulitangaza matokeo yake ya kwanza. Magari yaliyogonganishwa yalikuwa saba, yote madogo na yote yakiuzwa sana Ulaya: Fiat Punto, Ford Fiesta, Nissan Micra (ile tunayoiita March), Opel Corsa, Renault Clio, Volkswagen Polo na Rover 100. Kiwango cha juu kilikuwa nyota nne. Hakuna gari lililozipata. Fiesta na Polo zilipata tatu zikawa vinara wa darasa. Rover 100 ilipata moja.

Sasa hii Rover 100 haikuwa gari geni. Ilizaliwa Oktoba 1980 kwa jina la Austin Metro, na Waingereza waliipenda sana; hata Diana, kabla hajaolewa na mwana wa mfalme, alikuwa akiendesha Metro nyekundu. Mwaka 1990 ilibadilishiwa injini na kuitwa Rover Metro. Mwisho wa 1994 ikapewa uso mpya na jina la Rover 100. Lakini bodi, yaani ule mfupa unaomzunguka abiria, ilikuwa ile ile iliyochorwa miaka ya sabini. Kama umewahi kurithi programu ya zamani ambayo kila meneja mpya anaibadilishia rangi za kurasa bila kugusa kilicho chini, basi unaijua Rover 100 vizuri.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Gari linavutwa hadi kufikia kilomita 64 kwa saa, kisha linagonga kizuizi chenye uso wa alumini uliotengenezwa kama sega la nyuki, ili kibonyee kidogo kama ambavyo gari jingine lingebonyea. Tena gari haligongi kwa upana wake wote. Linagonga kwa asilimia 40 tu, upande wa dereva, kwa sababu barabarani madereva wawili wanaokutana uso kwa uso hujaribu kukwepana na mara nyingi huishia kugongana nusu nusu. Hilo ni gumu zaidi kwa gari, kwani nguvu yote inabebwa na upande mmoja wa fremu badala ya kugawanywa kwa pande mbili.

Ndani huketi sanamu za ukubwa wa mtu zenye vihisio kichwani, kifuani, mapajani na miguuni. Tukio lote huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde, na katika muda huo vihisio hurekodi maelfu ya vipimo. Kwa kichwa kuna kanuni moja ambayo nadhani wapenda hesabu mtaifurahia: unachukua wastani wa mchapuko wa kichwa (kwa kipimo cha g) katika kipande cha muda kisichozidi milisekunde 36, unaupandisha kwa kipeo cha 2.5, unauzidisha na urefu wa kipande hicho kwa sekunde, kisha unatafuta kipande kinachotoa jibu kubwa kuliko vyote. Jibu likifika 1000, kichwa kiko katika hatari kubwa. Ukitaka kuiandikia programu ni mizunguko miwili tu, mmoja ndani ya mwingine.

Katika Rover 100 hata hesabu hazikuhitajika sana. Picha zilitosha. Sehemu ya abiria ilikunjika, usukani na dashibodi vikarudi nyuma kumfuata dereva, na nafasi ya miguu ikafinywa. Picha hizo zilioneshwa kwenye televisheni na magazeti, watu wakaacha kuinunua, na kabla mwaka haujaisha Rover iliamua kusitisha kuitengeneza. Gari lililokuwa limeuza zaidi ya milioni mbili tangu 1980 liliuawa na nyota moja.

Lakini kuna jambo ambalo huwa halisemwi sana. Rover 100 haikuvunja sheria yoyote. Sheria ya Ulaya ya wakati huo kuhusu ajali za mbele ilitaka gari ligonge ukuta mgumu kwa kilomita 48 kwa saa, upana wote, na kilichopimwa ni usukani umerudi nyuma kiasi gani. Hakukuwa na sharti la kuweka sanamu ndani na kupima mtu angeumia vipi. Sheria mpya yenye sanamu ilikuwa imeshapitishwa, lakini ingeanza Oktoba 1998, kwa aina mpya za magari tu, na kwa kilomita 56 kwa saa. Tofauti ya 56 na 64 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Piga hesabu: Euro NCAP ilikuwa ikidai gari limeze nishati zaidi kwa karibu asilimia 31 kuliko sheria ambayo hata haijaanza. Ukilinganisha na ile ya zamani, ni zaidi kwa karibu asilimia 78.

Watengenezaji walikuja juu. Walisema majaribio ni makali kupita kiasi na kwamba hakuna gari litakaloweza kupata nyota nne. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, Volvo S40 ikazipata. Miezi mitano tu! Hivyo vizuizi havikuwa vya fizikia. Vilikuwa vya kipaumbele. Baadaye nyota ya tano ikaongezwa, na mwaka 2001 Renault Laguna ikawa gari la kwanza kuifikia.

Euro NCAP haikuwa ya kwanza kufanya hivi. Marekani ilianza kugonganisha magari na kuchapisha matokeo mwaka 1979, kwa kasi ya maili 35 kwa saa, sawa na kilomita 56, kwenye ukuta mzima. Ila matokeo yao yalikuwa majedwali ya namba za vihisio, na mnunuzi wa kawaida angefanya nini na namba hizo? Nyota walizianzisha baadaye, kwa magari ya mwaka 1994. Kwa maoni yangu nyota ni mojawapo ya violesura bora vilivyowahi kubuniwa. Mtu yeyote anauelewa kwa kuutazama mara moja. Ubaya wake ni ule ule wa kila kiolesura kizuri: unaficha mambo.

Nikirudi kwenye 1997, mwaka ule ulikuwa mbaya kwa magari madogo kwa njia nyingine pia. Oktoba, mwandishi wa jarida la magari la Teknikens Värld la Uswidi alikuwa akiijaribu Mercedes-Benz A-Class, gari dogo jipya la kampuni hiyo, kwa kukata kona ghafla kama anayekwepa mnyama barabarani. Gari lilipinduka. Mercedes mwanzoni iliona ni jambo dogo, kisha ikasimamisha mauzo, ikarekebisha mfumo wa springi na matairi, na ikaweka kwenye kila A-Class mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti, ambao hadi hapo ulikuwa wa magari ya bei ghali. Mfumo huo ni programu: inasoma pembe ya usukani, kasi ya kila gurudumu na jinsi gari linavyozunguka, na ikiona gari haliendi anakotaka dereva inafunga breki ya gurudumu moja peke yake. Kwa kupindua gari moja dogo, mwandishi yule aliiharakisha teknolojia hiyo kushuka hadi kwa watu wa kawaida. Ulaya iliifanya ya lazima kwa magari yote mapya kuanzia 2014.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Nyota bila mwaka haina maana.

Fiat Grande Punto ilipata nyota tano mwaka 2005. Gari hilo liliendelea kuuzwa, likifanyiwa marekebisho madogo madogo na kuitwa Punto tu, hadi Euro NCAP ilipolirudia mwaka 2017. Likapata sifuri, gari la kwanza kabisa kupata sifuri katika historia ya mpango huo. Je, bodi ilioza? Hapana. Mtihani ndio uliobadilika. Tangu 2009 nyota hutolewa kwa kujumlisha ulinzi wa watu wazima, watoto, waendao kwa miguu, na vifaa vya kuzuia ajali isitokee, na kila baada ya miaka michache kipimo kinapandishwa. Ni kama programu iliyofaulu majaribio yote ya mwaka 2005 kisha ukaiendesha kwenye majaribio ya 2017 bila kuigusa.

Na upande wa pili wa sarafu ni Toyota Yaris, ambayo Japani kwa miaka mingi iliitwa Vitz. Yaris ilipata nyota tano mwaka 2005 na nyota tano tena mwaka 2020. Mtu akiona tano na tano atadhani ni kitu kimoja. Lakini ile ya 2020 ilijaribiwa kwa kizuizi kipya kabisa: badala ya kukaa tuli, ni toroli la kilo 1400 linaloendeshwa kwa kilomita 50 kwa saa kuelekea gari ambalo nalo linakuja kwa kilomita 50.

Kwa nini walibadilisha kizuizi? Sababu ni jambo ambalo wauza magari hawapendi kulitaja: uzito. Kugonga kizuizi kisichosogea ni sawa, takriban, na kugongana na gari lenye uzito kama lako. Gari la kilo 900 linajaribiwa kana kwamba dunia yote inaendesha magari ya kilo 900. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharimiwa na kampuni za bima, iliamua kuonyesha tofauti hiyo. Ilichukua Honda Fit, Toyota Yaris na Smart Fortwo, yote yakiwa na alama ya "nzuri" kwenye jaribio lake la kizuizi, ikayagonganisha uso kwa uso na magari ya ukubwa wa kati ya kampuni hizo hizo: Accord, Camry na Mercedes C-Class. Kila gari lilienda kwa maili 40 kwa saa. Madogo yote matatu yalipata alama ya "mbaya". Fizikia haina huruma hapa. Magari mawili yakigongana, lile jepesi ndilo linalobadilishiwa mwendo zaidi, na mwili wa dereva wake ndio unaolipa. Kwa hiyo nyota tano za gari dogo hazilingani na nyota tano za gari kubwa. Nyota hulinganisha magari ya ukubwa mmoja.

Sitaki uelewe kwamba nyota ni porojo. Februari 2017, Euro NCAP ilipotimiza miaka 20, waligonganisha tena Rover 100 ya mwaka 1997, na pembeni yake Honda Jazz mpya, ambayo huku kwetu ndiyo Honda Fit. Majaribio yale yale. Sehemu ya abiria ya Rover iliporomoka kama mwanzo. Ya Jazz ilibaki na umbo lake. Yote mawili ni magari madogo ya familia, na kilichobadilika kati yao ni miaka 20 ya watu kuona matokeo hadharani.

Wale wasioonyeshwa matokeo walipata magari tofauti. Januari 2014, shirika la Global NCAP lilitoa matokeo ya magari matano madogo yaliyouzwa sana India: Maruti Suzuki Alto 800, Tata Nano, Hyundai i10, Ford Figo na Volkswagen Polo, yote katika toleo la bei ya chini lisilo na mifuko ya hewa. Yote matano yalipata sifuri. Ndiyo, Polo, jina lile lile lililokuwa kinara Ulaya mwaka 1997.

Ila sifuri hizo hazikuwa sawa, na ndiyo maana napenda kusoma ripoti nzima badala ya kuhesabu nyota. Bodi za Polo na Figo zilibaki imara. Kilichokosekana ni mifuko ya hewa. Bodi za Alto, Nano na i10 ziliporomoka kiasi kwamba shirika lilisema hata ukiziwekea mifuko ya hewa haitasaidia. Volkswagen ikaamua kuweka mifuko miwili kwenye kila Polo ya India, ikajaribiwa upya, ikapata nyota nne kwa mtu mzima. Kutoka sifuri hadi nne kwa mifuko miwili. Hizo nyingine zilihitaji kuandikwa upya kuanzia msingi. Baadaye India ilianza mpango wake yenyewe, Bharat NCAP, Oktoba 2023.

Barani kwetu, Global NCAP na chama cha magari cha Afrika Kusini walitoa matokeo ya kwanza Novemba 2017. Magari matano madogo yaliyouzwa Afrika Kusini: Toyota Etios ilipata nyota nne, Polo Vivo na Renault Sandero tatu tatu, Datsun Go+ moja, na Chery QQ3 sifuri.

Ukiniuliza ni sehemu gani ya historia hii inayonikosesha usingizi kama mtengeneza programu, si Rover wala Nano. Ni Daihatsu. Hii ni kampuni ya familia ya Toyota inayotengeneza magari madogo, na ndiyo iliyotuundia Toyota Passo mnazoziona kila kona ya Nairobi. Aprili 2023, baada ya mfanyakazi wa ndani kutoa taarifa, kampuni ilikiri kwamba katika majaribio ya kugongwa ubavuni ilikuwa imechonga kwa siri sehemu ya ndani ya mlango ili ikivunjika isitoe ncha kali. Magari waliyouziwa watu hayakuwa na mchongo huo. Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba data za upande mmoja wa gari ziliwasilishwa kama za upande wa pili. Desemba, kamati huru ikatoa ripoti: kasoro 174 katika aina 64 za magari, nyingine zikirudi nyuma hadi 1989.

Kati ya zote hizo, moja inastahili kusimuliwa polepole. Mfuko wa hewa haufunguki wenyewe. Kuna kompyuta ndogo inayosoma vihisio na kuamua, ndani ya milisekunde chache, kama hii ni ajali au ni tuta la barabarani. Uamuzi huo ndio kiini cha jaribio. Katika baadhi ya majaribio ya Daihatsu, mfuko ulifunguliwa kwa kipima muda. Gari likigonga, saa inahesabu, mfuko unafunguka kwa wakati mzuri kabisa. Kompyuta haikuamua lolote. Nyie mnaoandika majaribio ya programu mnajua jambo hili: badala ya kuita kazi unayoijaribu, umeandika jibu sahihi kwa mkono, na skrini yote imekuwa kijani. Waliofanya hivyo, kwa mujibu wa ripoti, walibanwa na ratiba fupi mno za kutoa magari mapya. Sina haja ya kueleza zaidi.

Hayo yalikuwa majaribio ya kupata kibali, yaliyofanywa na mtengenezaji mwenyewe. Mipango kama Euro NCAP hununua magari au huyachagua wenyewe, na huyagonganisha wenyewe.

Haya, turudi kwa yule mwenye Vitz. Magari mengi madogo ya Kenya huja yakiwa yametumika Japani, na sheria hairuhusu yaliyozidi miaka minane. Japani ina mpango wake wa majaribio tangu 1995, hivyo usikimbilie matokeo ya Ulaya ya Yaris ukidhani ni ya gari lako. Mifuko ya pembeni iliyokuja na kila gari la soko moja huenda ilikuwa ya kulipia zaidi kwenye soko jingine. Angalia namba ya chesisi. Herufi na tarakimu za mwanzo, kwa mfano KSP90 au KSP130, zinakuambia ni kizazi gani, na kizazi ndicho unachotafutia matokeo, pamoja na mwaka wa jaribio.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna mpango wa nyota unaolipima, kwa kuwa wao hugonganisha magari mapya: gari lililokwisha kugonga, likanyooshwa, likapakwa rangi. Washa swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka kwa sekunde chache, kisha izime. Ikibaki imewaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji ni nani aliyeitoa, na kwa nini.